Panga Langu, Panga la Wekesa

Wadogo zangu wa chumba cha programu, mmenipa keki ya kustaafu, mmenipa na kiti cha kukunja cha kuvulia samaki kwenye barafu, mimi ambaye tangu nifike Minnesota sijavua hata dagaa. Halafu mkanibana: Bi Rehema, usiondoke na mambo yako kichwani, tuandikie. Haya, naandika. Ya vyeo na mishahara siyagusi. Waliovigawa walikuwa na sababu zao, nami sikuwahi kuzielewa. Nitasema jinsi nilivyoanza, nani alinifunza, na kile kisa ambacho mnakisimulia jikoni nusunusu huku maji ya kahawa yakichemka, kila mtu na toleo lake. Toleo sahihi ni hili. Nilikuwepo.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa Januari, kosa ambalo mgeni hulifanya mara moja tu maishani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu pale Minneapolis, na ofisi ilikuwa Eden Prairie, mahali ambapo mtu asiye na gari hana tofauti na mti. Gari nilikuwa nalo. Hita yake ndiyo ilikuwa na tabia zake: ikipenda inapuliza joto, isipopenda inapuliza salamu kutoka Kanada. Nilifika siku ya kwanza vidole vimekakamaa, nikashindwa kushika kalamu ya kusainia, na meneja wetu, Gary, akanipeleka kwenye radieta badala ya kunipeleka kwenye meza. Gary alikuwa bwana mkubwa wa umbo na mdogo wa sauti. Hakuwahi kufoka. Akikasirika alifuta ubao, hata kama ubao ulikuwa safi.

Vidole vilipopata uhai, akanikabidhi kwa Marlys.

Marlys alikuwa na umri wa mama yangu mzazi. Alivaa masweta aliyoyafuma mwenyewe, yenye kulungu kifuani, na alikuwa akiandika programu tangu enzi za kadi za kutobolewa, zile ambazo ukiziangusha sakafuni umeangusha kazi ya wiki nzima. Alinitazama juu ya miwani.

"Lugha ya C, ya kuandikia programu, unaijua?"

"Naijua."

"Hakuna anayeijua. Kaa hapa."

Ndivyo nilivyoajiriwa kwa kweli. Zile karatasi za Gary zilikuwa mapambo tu.

Shida yangu ya kwanza haikuwa C. Ilikuwa namna ya kumwita. Hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake kavu, hata bibi kizee, na mimi ni mtoto wa Morogoro; mama yangu angeota ndoto mbaya huko aliko. Nikaanza kumwita Bi Marlys. Akauliza Bi ni nini, nikamweleza kuwa ni heshima. Akafuma nyuzi mbili tatu, kisha akasema, "Waambie na wengine." Hakuna aliyeiga, lakini yeye hakuniitikia tena bila hiyo Bi.

Alinifundisha mambo mengi, na mengi hayafai tena, kama namna ya kukausha kibodi iliyomwagikiwa supu. Lakini moja halijapitwa na wakati. Alikuwa akisema: usibishane na kompyuta, iulize. Ukikaa unakuna kichwa na kukisia, alikuja nyuma ya kiti chako na kusema, "Umeiuliza?" Ukisema bado, aliondoka. Basi.

Sasa niwape kidogo cha ufundi, maana bila hicho kisa chenyewe hakina utamu. Programu kubwa haiandikwi kwa mkupuo. Huandikwa vipande vipande, na kila kipande kina fanksheni zake, yaani kazi ndogondogo zenye majina: hii inatafuta, hii inahesabu, hii inachapa. Vipande vinawekwa kwenye maktaba. Mwishoni anakuja kiunganishi, fundi wa kuvishona pamoja. Huyu bwana hasomi maana, anasoma majina. Akisikia jina linaitwa, anapita mlango kwa mlango kwenye maktaba ulizomtajia, kwa mpangilio uliomtajia, na wa kwanza kuitika ndiye anayechukuliwa. Kama kwenye mlango unaofuata kuna mwingine mwenye jina lilelile, shauri yake. Kiunganishi amekwisha kumpata mtu wake na amerudi kulala. Wala hakuambii.

Kwa sababu hiyo tulikuwa tunagombania majina kama watoto wanavyogombania kiti cha dirishani. Kila mtu ofisini alitaka fanksheni yake iitwe kwa lile neno rahisi la Kiingereza la kupanga vitu, na lilikuwa limeshachukuliwa tangu zamani. Marlys akachoka na kelele. "Rehema," akasema, "tafuta majina ambayo hakuna mtu mwingine nchi hii atayatumia."

Nikakaa, nikafikiri, nikacheka peke yangu. Nikaandika: tafuta. Hesabu. Chapa. Panga.

Msinione mtundu bure. Wenzangu wa chuo, wale tuliokuwa tukipika pilau pamoja na kubishana juu ya viungo, walikuwa wametawanyika baada ya mahafali, huyu Texas, yule Atlanta, wengine wamerudi nyumbani. Kwenye jengo letu la ofisi sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia "pole na baridi" akaitika vizuri. Kiswahili changu cha mchana kutwa kilikuwa na kompyuta, na kompyuta ilinijibu kwa makosa. Lakini nilipoona neno panga kwenye skrini, limekaa katikati ya vikolokolo vyote vile, moyo ulitabasamu. Marlys alijifunza kuyatamka yote. Chapa ilimshinda, alisema "kapa" mpaka anastaafu.

Sasa kisa chenyewe.

Tulikuwa tumeandika programu kwa ajili ya jiko la hospitali moja kule Minneapolis. Jiko lenyewe liko chini ya ardhi. Trei zinapita kwenye mkanda, kila mfanyakazi anaweka chake, huyu supu, huyu mkate, na kila trei ina kadi yenye jina la mgonjwa, kitanda chake na anachoruhusiwa kula. Zamani kadi hizo zilipigwa taipu. Sisi tulileta kompyuta: inasoma wagonjwa wa kila wodi, inawapanga kwa vitanda, inachapa kadi. Kupanga ndiko kulikokuwa muhimu, kwa sababu trei huingia kwenye toroli kwa mfuatano wa kadi, na wagawaji huko juu huzitoa kwa mfuatano huohuo. Kazi hiyo ya kupanga aliifanya panga. Panga langu.

Kwenye meza yangu programu ilikwenda kama maji. Tukaifunga hospitalini kwa majaribio, pamoja na printa mpya ya kadi na maktaba yake, ambayo tuliinunua kwa kampuni ndogo ya hapahapa mjini. Asubuhi ya kwanza simu ikalia. Alikuwa Joyce, msimamizi wa jiko, mama mwenye sauti ya kuamrisha bahari.

"Njoo uone," akasema. "Njoo sasa hivi."

Tulikwenda mimi na Marlys. Joyce alikuwa amesimama kando ya mkanda na fungu la kadi mkononi. Trei zilikuwa zimekwenda juu zimevurugika. Mzee mmoja mwenye kisukari alikuwa amepelekewa kifungua kinywa cha jirani yake, chapati nene za Kimarekani zinazoogelea kwenye shira, na muuguzi alikiwahi mlangoni mzee akiwa ameshafunga leso shingoni na uso umejaa furaha. Hakula.

"Na haya majina ni nini?" Joyce akauliza. Kadi moja ilisema John. Ilitakiwa iseme Johnson. Nyingine ilisema Peter. Mgonjwa anaitwa Peterson.

Marlys akazitazama. "Programu yako," akaniambia kwa upole, "inawanyang'anya watu wa Minnesota wana wao wote." Maana hapa kila jina la pili linaishia na son, yaani mwana, tangu mababu zao waliposhuka melini kutoka Skandinavia.

Joyce hakucheka. Alisema anarudisha taipureta, na kwamba atatuvumilia mpaka Ijumaa mchana. Tukifanya sawa Ijumaa, vema. Tusipofanya, tuje na toroli tuchukue kompyuta yetu. Tuliporudi ofisini Gary alisikiliza habari yote akifuta ubao. Marlys ndiye aliyenipendekeza niongoze kazi hiyo, mara yangu ya kwanza kuongoza chochote, na Gary alikuwa amesita wakati ule. Sasa hakuninyooshea kidole. Alifuta tu, akafuta, mpaka nikaona sura yangu kwenye ubao.

Ofisi nzima ikashika nadharia ya son. Wengine wakasema printa imefundishwa kufupisha. Wengine wakatafuta hizo herufi tatu kwenye kila faili. Mimi nikaketi na kadi zote za asubuhi ile nimezitandaza mezani kama mchezaji karata, na Marlys akapita nyuma.

"Umeiuliza?"

"Naiangalia."

"Si jibu hilo."

Nikazitazama tena, na nikaona kadi moja inasema Lindqu. Lindquist huyo, hana mwana wala binti kwenye jina lake, naye kakatwa vilevile. Kwaheri nadharia ya son. Kisha nikaona kingine: waliokatwa ni wagonjwa wa mwanzo tu. Kila wodi, mmoja, yule wa kwanza kwenye orodha. Nikahesabu herufi za Lindqu. Sita. Nikatazama wodi yake. Wagonjwa sita. Wodi ya Peter ilikuwa na watano. Ya John, wanne!

Nilisimama kwa nguvu kiti kikaanguka. Marlys akadhani nimeona panya.

"Bi Marlys! Jina linakatwa kwa idadi ya wagonjwa! Wodi ya watu wanne inakata baada ya herufi ya nne!"

Akavua miwani. "Ni wapi kwenye programu yako orodha na idadi vinapelekwa pamoja?"

Palikuwa mahali pamoja tu. Panga. Unalipatia orodha ya wagonjwa na idadi yao, linakupangia. Lakini panga nililiandika mwenyewe, nililijua kama ninavyolijua jiko la mama yangu, na halikuwa na sababu ya kukata jina la mtu. Nikafanya alilonifundisha: nikauliza. Ndani ya panga nikaongeza mstari mmoja wa kuandika "nimeingia" kwenye skrini. Nikaiunganisha programu yote, safari hii pamoja na maktaba ya printa kama ilivyo hospitalini, maana mezani kwangu siku zote nilikuwa najaribu bila printa. Nikaiendesha. Kadi zikatoka. John, Peter, Lindqu. "Nimeingia" haikuonekana kabisa.

Panga langu lilikuwa linaitwa na haliendi. Sasa nani alikuwa anaitika?

Kuna chombo cha zamani, bado mnacho, mkiandika herufi mbili tu, nm, kinawasomea majina yote yaliyomo kwenye maktaba. Jina lenye U mbele yake ni la mtu anayetafutwa. Lenye T ni la mtu aliye nyumbani. Marlys akavuta kiti chake, sindano za kufumia zikiwa kwapani, nami nikaiuliza maktaba ya printa ina nani. Majina yakashuka, ya kawaida, ya Kiingereza, ya kuchosha. Halafu:

T panga

Nilikaa nikalitazama. Nikalisoma kwa sauti. Kisha nilianza kucheka, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka na mbavu zikauma, na Marlys, ambaye alidhani ninalia, alinipa kitambaa alichokuwa anafuma.

"Bi Marlys," nikasema nilipoweza, "hilo ni neno la kwetu!"

"Nilijua ni lako. Uliliandika wewe."

"Hapana! Hili si langu! Kuna mtu mwingine!"

Akanielewa taratibu, na alipoelewa uso wake wote ulifunguka. Katika nchi yote hii, katika theluji yote ile, kulikuwa na mtu mwingine aliyeambiwa atafute jina ambalo hakuna atakayelitumia, na akawaza nilichowaza.

Uhondo kando, Ijumaa ilikuwa inakuja. Nikajaribu dawa ya haraka: nikamwambia kiunganishi apitie maktaba yangu kwanza, ya printa baadaye. Panga langu likaitika. Wagonjwa wakapangika vizuri. Lakini sasa printa nayo ilipoita panga lake, ilipata langu, na langu likaanza kuyapanga maneno ya kadi kana kwamba ni wagonjwa wodini. Printa ilinguruma, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kutapika kadi. Kadi za alama za mshangao, kadi tupu, kadi zenye neno SUPU limegeuzwa. Zikajaa mezani, zikateremka sakafuni, zikaelekea mlangoni. Gary akatokea ofisini kwake, akasimama katikati ya zile kadi, akauliza kwa sauti yake ndogo kama kuna mtu anajua swichi iko wapi. Marlys aliing'oa waya ukutani. Alikuwa anacheka bila sauti, kulungu wa kifuani wakirukaruka.

"Nafikiri," akasema, "umpigie simu mtu wako."

Namba ilikuwa nyuma ya kitabu cha maelekezo. Kampuni ilikuwa Crystal, upande wa pili wa Minneapolis. Hata si simu ya mbali. Mwanamume akapokea kwa Kiingereza kizuri, cha polepole. Nikamweleza kwa Kiingereza kuwa sisi ni wateja na kwamba tuna tatizo na fanksheni moja kwenye maktaba yao. Akauliza ipi. Nikasema, panga.

"Una tatizo gani nayo?" akauliza, bado kwa Kiingereza, kwa tahadhari kidogo.

Basi nikasema kwa lugha yangu, polepole, kila neno na uzito wake: "Panga lako limekata langu, kaka."

Nilisikia kiti kikiburuzwa upande wa pili.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Wewe ni nani?"

"Naitwa Rehema. Mtu wa Morogoro."

"Morogoro! Na saa hii uko wapi?"

"Eden Prairie."

"Wacha!" Alipiga kelele nikaondoa simu sikioni. "Eden Prairie hii? Wacha! Mimi ni Wekesa, wa Kitale. Sasa wewe dada, nani alikuambia u-use hiyo jina?"

"Nani alikuambia wewe?"

"Panga ni ya kukata! Unaipea maneno na namba ya herufi, unaiambia ikate hapo, inakata. Hata mtoto wa nursery anajua panga ni ya kukata."

"Kaka yangu, panga ni kupanga. Unapewa vitu vimevurugika, unavipanga."

"Hiyo ni kitenzi."

"Na kompyuta inafanya nini, inakaa? Si inatenda?"

Akacheka kicheko kikubwa cha tumboni. Tulibishana hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kuhusu nani ana haki na neno, nikamwambia Tanzania tuna Kiswahili cha kuwauzia, akaniambia Kenya wana cha kutumia. Nilipogeuka, ofisi nzima ilikuwa imesimama. Gary alikuwa ameshika kikombe chake hewani. Hawakuwa wamewahi kunisikia nikisema sentensi mbili kwa sauti ya juu, sembuse kugombana kwa furaha.

Nikamsimulia Wekesa habari ya hospitali, mzee wa kisukari na leso yake. Akaacha kucheka. "Hiyo si ya kucheza," akasema. "Nipe mpaka kesho." Akakata simu kabla sijamwambia jambo la muhimu, kwamba nimekwisha amua kubadilisha langu.

Maana nilifikiri hivi: maktaba yake ina wateja wengine, yangu iko hospitali moja. Mdogo ampishe mkubwa njia. Nikalibadilisha panga langu kila mahali, nikaliita pangilia, nikajaribu, kadi zikatoka safi na kwa mfuatano. Nilikwenda nyumbani nikiimba kwenye gari, na hita, kwa mara ya kwanza wiki ile, ilipuliza joto.

Kesho yake alasiri, theluji ikianguka ya kuziba barabara, mlango wa ofisi ukafunguka akaingia bwana mfupi mwenye koti refu, kope zimeganda. Alifungua vifungo vya koti, akaingiza mkono ndani ya shati na kutoa disketi. Alikuwa ameilaza kifuani isipate baridi. Akatazama chumba chote, akaniona, hakuuliza.

"Rehema. Nime-drive kutoka Crystal na magari yameteleza njia nzima. Chukua. Nimebadilisha. Sasa inaitwa kata. Panga ni yako."

Nikamtazama. "Mimi nimebadilisha langu jana. Linaitwa pangilia. Panga ni lako."

Tukatazamana. Marlys alikuwa anatufuata kwa macho kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kuelewa neno, nikamtafsiria. Aliweka kazi yake ya kufuma chini.

"Watu wawili wamefika mlangoni," akasema, "kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe, na sasa mlango hauna mtu. Mna uhakika hamkuzaliwa Minnesota?"

Wekesa aliposikia hilo aliinama akashika magoti kwa kucheka. Tukaunganisha programu yote palepale, pangilia langu na kata lake, kisha nikaendesha nm tukiwa wote tumeinama mbele ya skrini. Panga halikuwepo tena popote. Nakiri nililionea huruma kidogo.

Ijumaa mchana tulikwenda hospitalini sisi watatu, Wekesa naye akiwa amekataa katakata kubaki. Joyce alisimama mwanzo wa mkanda, taipureta yake ipo mezani nyuma yake imefunuliwa tayari kama mke mwenza. Kadi zikaanza kutoka. Johnson. Peterson. Lindquist, mwenye herufi zake zote, Mungu amjalie. Trei zikaingia kwenye toroli, toroli zikapanda lifti, nasi tukasubiri. Wekesa alikuwa ananong'ona jambo ambalo nadhani lilikuwa sala. Kisha simu ya ukutani ikalia, Joyce akapokea, akasikiliza.

"Yule mzee wa kisukari," akasema alipoweka simu, "amepata kuku wake asiye na mchuzi. Amelalamika kuwa hana ladha."

Sijawahi kusikia malalamiko matamu kama yale. Wekesa alinishika mabega, tukarukaruka pale kati ya supu na mkate, na wafanyakazi wa mkanda wakatupigia makofi bila kujua ni kwa nini. Joyce aliifunika taipureta. "Si mbaya sana," akasema. Mgeni angedhani ametutukana. Marlys alinieleza kwenye gari kuwa watu wa huku hawana sifa ya juu kuliko hiyo, na kwamba mume wake alimwambia hivyohivyo siku ya harusi.

Tangu wiki ile Gary alitaka kila jina kwenye maktaba zetu lianze na herufi za kampuni, jambo ambalo ninyi mnaliona ni kero na mnaliita la kizee. Si la kizee. Mnapochukua maktaba ya mtu, kabla ya kitu kingine someni majina yaliyomo, mkayalinganishe na yenu. Na mjaribu kitu chenu kikiwa kamili, na printa yake na kila kitu, si nusu yake mezani kwenu. Siku hizi vyombo vinawapigia kelele majina yakigongana, mna bahati. Lakini vipo vinavyonyamaza bado, na ndivyo vya kuogopa. Baadaye nilikutana na migongano mingi mibaya kuliko huo, na mmoja ulinichukua kipupwe kizima. Siukumbuki hata nusu ya huu.

Jumamosi Wekesa na mkewe walinialika kwao Crystal. Mkewe, Nafula, alikuwa msaidizi wa wauguzi, na alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyohiyo, lakini alinipokea mlangoni kwa mikono miwili kama ndugu aliyechelewa. Kulikuwa na ugali wa unga mweupe kutoka duka la Wameksiko, na mboga za majani za kukaanga, na samaki. Watoto wao wawili walikuwa chini ya meza wakijibu kila tulichosema kwa Kiingereza. Nafula akauliza habari za nyumbani. Swali la kawaida tu, la kumkaribishia mgeni.

Nikaanza kumjibu. Nikasema habari za mama, za Morogoro, za milima ile ikifunikwa na ukungu, za chuo, za wenzangu waliotawanyika, za Marlys na kulungu wake, za hita. Nilisema chakula kikapoa. Nilisema kikapashwa moto tena. Mtoto mmoja akachomoza kichwa akauliza kwa Kiingereza kwa nini mgeni anaongea haraka hivyo.

"Mwache amalize," Nafula akamwambia, akiniongezea samaki. "Alikuwa ameyaweka."

Jumatatu nilipoingia ofisini sauti ilikuwa imekauka kabisa, inatoka kama mlango unaohitaji mafuta. Marlys akanitazama juu ya miwani, akainuka, akaniletea chai yenye asali, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote pale.

"Umepata mafua," akasema.

"Hapana, Bi Marlys," nikamnong'oneza. "Nimepata watu."